Agadir: Mji Ulioanguka Usiku wa Ramadhani

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyeitandaza ardhi na kuikita milima juu yake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Katika Juzuu ya Amma mna sura fupi ya aya nane iitwayo Zilzala. Watoto wetu huihifadhi wangali wadogo, huimaliza kwa siku mbili tatu, kisha wakasonga mbele. Nimeisomesha kwa zaidi ya miaka arubaini. Siku moja mwanafunzi aliniuliza: "Maalim, mbona sura hii imeanza na ardhi nzima inayotetemeka, ikaishia na chembe?" Nilimjibu kwa haraka, kama tufanyavyo walimu tunapokuwa na watoto wengi mbele yetu. Nilimwambia kwamba sura inazungumza juu ya Siku ya Kiyama, na siku hiyo kila mtu ataona alilolitenda, jema au ovu, hata likiwa na uzito wa chembe. Jibu lilikuwa sahihi. Lakini swali la mtoto yule halikunitoka moyoni, na kadiri nilivyosoma habari za matetemeko yaliyowapata Waislamu ndivyo nilivyozidi kuona kuwa lina mengi ndani yake. Leo nataka tutazame tetemeko moja tu, la mji wa Agadir, ulioko Morocco.

Mji na historia yake

Agadir uko magharibi ya Morocco, kando ya bahari ya Atlantiki, mahali milima ya Atlas inapokaribia maji. Mwanzoni mwa karne ya 16 Wareno walijenga ngome hapo. Ni Wareno wale wale walioipiga Kilwa na kuiunguza Mombasa mwaka 1505, kwa hiyo sisi watu wa pwani hatuhitaji kuelezwa walikuwa watu wa namna gani. Mwaka 1540 Sultani Muhammad al-Sheikh, wa ukoo wa Saadi, alijenga kasba, yaani mji wa ngome, juu ya kilima kinachotazama ghuba. Mwaka uliofuata, 1541, akawatoa Wareno katika ngome yao.

Mwaka 1731 tetemeko la ardhi liliuangusha mji huo. Watu walizika maiti wao, wakajenga tena. Wakafa walioona, wakafa watoto wao na wajukuu wao, na habari ile ikabaki katika vitabu vya wachache. Hii ndiyo ada ya binadamu. Mvua huja kila mwaka, kwa hiyo hatusahau kuezeka. Tetemeko huenda lisirudi kwa miaka mia mbili, nasi tunadhani limekufa.

Katika karne ya 20 Agadir ulikuwa na bandari, viwanda vya samaki, na hoteli za watalii. Morocco ilipata uhuru wake mwaka 1956, na mji ulikuwa ukikua kwa haraka. Juu kilimani ilikuwako kasba ya zamani. Chini yake, karibu na bahari, palikuwa na mtaa wa Founti. Upande mwingine ulikuwako mtaa wa Talborjt wenye maduka na watu wengi, na penginepo mji mpya wa majengo ya kisasa.

Tarehe 23 Februari 1960 ardhi ilitikisika kidogo. Tarehe 29 mchana ikatikisika tena. Watu walishtuka, wakazungumza, wakarudi katika shughuli zao. Zilikuwa siku za kwanza za mwezi wa Ramadhani, mwaka 1379 wa Hijra. Usiku wa siku hiyo ya tarehe 29, yapata saa tano na dakika arubaini, ardhi ilitetemeka kwa muda wa kiasi cha sekunde kumi na tano tu.

Ndugu msomaji, mtu hawezi kusoma Fatiha kwa utulivu na kuikamilisha katika sekunde kumi na tano. Katika muda huo walikufa watu baina ya 12,000 na 15,000, takriban theluthi moja ya wakazi wote wa mji. Maelfu wengine walijeruhiwa, na waliosalia wakawa hawana pa kulala. Kasba yote ilianguka, na Founti vivyo hivyo. Sehemu kubwa kabisa ya Talborjt ikawa kifusi.

Je, ilikuwa adhabu?

Haikukosekana watu waliosema kwamba Agadir umeadhibiwa kwa sababu ya ulevi na hoteli za watalii. Maneno hayo husemwa kila mahali baada ya kila msiba, na khasa husemwa na aliyesalimika.

Hebu tuyapime. Ni kweli hoteli ya watalii ilianguka. Lakini mitaa iliyofutika kabisa ilikuwa kasba kongwe na Founti, makazi ya wenyeji waliokuwa wamefunga mchana ule. Mji mpya, wenye hizo hoteli na majumba ya wageni, ulipata madhara makubwa lakini ulinusurika zaidi kuliko mitaa hiyo. Ikiwa mtu anataka kusoma adhabu katika kifusi, basi atalazimika kusema kwamba mfungaji aliyelala katika kasba alikuwa muovu kuliko mlevi wa mji mpya. Nani atathubutu kusema hayo mbele ya Mola wake?

Sababu iliyoonekana kwa macho ilikuwa nyingine. Tetemeko lenyewe halikuwa kubwa sana. Wataalamu wanalikadiria kuwa na nguvu ya kiasi cha 5.8, na kila mwaka hutokea matetemeko ya kadiri hiyo duniani bila ya kuua mtu. Lakini hili lilitokea karibu sana na uso wa ardhi, na karibu sana na mji. Nyumba za mitaa ya zamani zilikuwa za mawe yaliyoshikwa kwa udongo na chokaa dhaifu. Ukuta wa namna hiyo hubeba paa vizuri maadamu uzito unashuka chini, lakini ukisukumwa kwa ubavu huachana jiwe na jiwe. Majengo mengi mapya nayo, ijapokuwa yalikuwa ya zege, hayakujengwa kwa kufikiria tetemeko. Nguzo zilikatika na sakafu zikalaliana moja juu ya nyingine.

Najua kuna atakayenikumbusha habari ya Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.). Imepokewa kwamba Madina ilitikisika katika zama zake, naye akawaonya watu kuwa wamezua mambo, na kwamba likirejea hatakaa nao hapo. Habari hiyo naijua na naisomesha. Lakini tazama Umar alisema na nani. Alisema na walio hai, akiwa naye yumo miongoni mwao, katika mji wake na chini ya paa lake. Aliwataka watubu. Hakusimama mbali, katika mji usiotikisika, akawahukumu maiti wa mji mwingine. Tetemeko ni ukumbusho kwa kila aliyelisikia, na anayekumbusha ajianze yeye.

Tena tukumbuke siku alipofariki Ibrahim, mtoto mchanga wa Mtume (S.A.W.). Jua lilipatwa siku ile, watu wakasema limepatwa kwa ajili ya kifo chake. Mtume, naye yumo katika huzuni, hakuiacha kauli hiyo ipite. Aliwafundisha kuwa jua na mwezi ni ishara za Mwenyezi Mungu, hazipatwi kwa kufa wala kwa kuishi kwa mtu. Na katika Hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) amemtaja aliyekufa kwa kuangukiwa na jengo miongoni mwa mashahidi. Sasa, Mtume amwite shahidi, nasi tumwite muadhibiwa?

Siku zilizofuata

Waliokuwa wa kwanza kufukua ni waliosalimika wenyewe, kwa mikono yao, gizani. Kisha wakaja askari wa Morocco, na mabaharia wa Kifaransa waliokuwa na kituo chao karibu na mji, na Wamarekani waliokuwa na kambi zao nchini, na misaada kutoka nchi nyingine. Hakuna aliyeuliza dini ya mkono unaoinua jiwe. Huo nao ni uadilifu, kwani kumshukuru aliyekutendea wema ni katika mafunzo ya dini yetu.

Baada ya siku chache joto na maiti zilizo chini ya kifusi zilileta hofu ya maradhi. Serikali iliamuru mji uhamwe na kufungwa, na chokaa ikamwagwa juu ya magofu. Wengi walizikwa katika makaburi ya pamoja, na wengine hawakutolewa kabisa. Kasba na Talborjt ya zamani hazikujengwa tena kama zilivyokuwa. Ardhi ile iliachwa, kwani ni kaburi.

Mfalme Muhammad wa Tano aliwaambia watu wake maneno yaliyoandikwa baadaye ukutani Agadir. Maana yake ni kwamba ikiwa kadari imeuvunja mji, kuujenga upya kunategemea imani yetu na nia yetu. Mfalme mwenyewe alifariki Februari 1961, kabla ya kuuona mji umekamilika, na kazi ikaendelea chini ya mwanawe, Hassan wa Pili. Mji mpya ulijengwa kusini kidogo ya ule wa zamani, baada ya kuchunguza udongo na miamba, na zikawekwa kanuni za ujenzi zinazofikiria tetemeko. Mtaa mpya wa maduka ukapewa jina la zamani, Talborjt. Nayapenda maneno yale ya Mfalme kwa sababu hayakuikana kadari, wala hayakuifanya kadari kuwa kitanda cha kulalia.

Kumbe si maneno mageni katika Uislamu. Umar alipokuwa njiani kwenda Sham akasikia kuna tauni, akarudi. Abu Ubaida akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Akamjibu kwamba anaikimbia kadari ya Mungu kwenda katika kadari ya Mungu. Ukuta ulio imara nao ni kadari, kama ulivyo ukuta dhaifu.

Fikihi ya kifusi

Wanazuoni wetu hawakuliacha jambo hili bila ya kulizungumzia. Imamu Suyuti wa Misri aliandika kitabu kizima juu ya matetemeko. Na katika vitabu vya sharia mna mafundisho ambayo ni vizuri kila msikiti uyajue kabla ya siku yenyewe.

La kwanza ni sala. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, mtu akipatwa na tetemeko amesuniwa asali peke yake, aombe na anyenyekee. Lakini ukiwa ndani ya sala na ukasikia mtu anayeomba kuokolewa, nawe unaweza kumwokoa, wanazuoni wamesema wajibu wako ni kuikata sala umwokoe. Vivyo hivyo katika Ramadhani, mwokoaji ambaye hawezi kuokoa nafsi ila kwa kula na kunywa, na afungue, kisha atalipa.

La pili ni maiti. Aliyeangukiwa na nyumba ni shahidi wa Akhera. Huyo si kama shahidi wa vitani. Huoshwa, hukafiniwa na husaliwa. Ikiwa mwili umeharibika hata hauwezi kuoshwa, basi hutayamamiwa. Jamaa wasijitese kwa kudhani kuwa maiti wao amekwenda pungufu.

La tatu ni mirathi, na hili wengi hawalijui. Baba na mwana wakifa chini ya ukuta mmoja na isijulikane nani aliyetangulia, hawarithiani. Mali ya kila mmoja huenda kwa warithi wake walio hai. Mlango huu katika vitabu huitwa mlango wa waliozama na walioangukiwa na majengo. Ukitazama mji uliopoteza theluthi ya watu wake usiku mmoja utaona kwa nini mlango huu uliandikwa. Mayatima wasipoandikwa majina yao na mali zao katika juma la kwanza, watakuja wajomba na maami wasiojulikana, na tetemeko la pili litakuwa la dhulma.

Tujilinde vipi?

Mtume (S.A.W.) alimfundisha Bedui amfunge ngamia wake kisha amtegemee Mungu. Kumfunga ngamia katika jambo hili ni kama ifuatavyo.

Ardhi ikitetemeka nawe umo ndani ya jengo imara, usikimbilie ngazi. Jishushe chini, ingia chini ya meza yenye nguvu, kinga kichwa chako na shingo, na ushikilie mpaka litulie. Kaa mbali na vioo na makabati. Ama ukiwa katika nyumba ya udongo ya chini, nawe u karibu na mlango ulio wazi, toka upesi, uende mahali peupe mbali na kuta na nyaya za umeme. Tarehe 12 Oktoba 1992 tetemeko liliupata mji wa Kairo likaua zaidi ya watu 500. Miongoni mwao walikuwamo watoto wa shule waliokanyagana katika ngazi walipokuwa wakikimbia. Watoto wale waliuawa na fazaa. Basi kila madrasa na ifanye mazoezi mara mbili kwa mwaka, watoto wajue watokeje, kwa mstari gani, na wakutane wapi.

Likisha tulia, funga mtungi wa gesi na uzime swichi kuu ya umeme. Usiwashe kibiriti mpaka uhakikishe hapana harufu ya gesi. Usirudi katika nyumba iliyopasuka hata kama umesahau fedha ndani, kwani tetemeko moja hufuatwa na mengine, na ukuta ulionusurika la kwanza huanguka kwa la pili. Aliyefunikwa na kifusi agonge bomba au jiwe, asipoteze pumzi zake kwa kupiga kelele. Na wanaofukua, kila baada ya muda wanyamaze wote wasikilize. Walio pwani wakihisi ardhi inatetemeka kwa nguvu au kwa muda mrefu, wapande mahali pa juu, wala wasiende kutazama bahari. Maji ya kunywa yachemshwe.

Kisha kuna majeraha yasiyoonekana. Mtoto aliyetoka katika kifusi ataogopa paa kwa miezi. Asichekwe, wala asilazimishwe kulala ndani. Apewe ratiba yake ya zamani mapema iwezekanavyo: chuo, mchezo, chakula kwa wakati wake. Tumewahi kuona mtoto akitulizwa na sauti ya wenzake wakisoma kwa pamoja kuliko kwa maneno yetu yote.

Deni letu

Mtu asiseme kuwa Morocco ni mbali. Bonde la Ufa limepita katikati ya nchi zetu. Mwaka 1910 tetemeko kubwa lilitokea upande wa Rukwa. Tarehe 10 Septemba 2016, siku chache kabla ya Idi ya kuchinja, tetemeko la nguvu ya 5.9 liliupata mkoa wa Kagera. Likaua watu 17 nchini Tanzania, likajeruhi mamia, na likaangusha nyumba nyingi Bukoba na vijijini, zikiwamo nyingi za matofali yaliyojengewa udongo. Nguvu yake ilikuwa sawa na ile ya Agadir. Lilitokea alasiri, watu wengi wakiwa nje. Lau lingekuja usiku chini ya mji mkubwa, hesabu ingekuwa nyingine.

Na Morocco yenyewe ilijifunza nusu ya somo. Agadir ulijengwa kwa kanuni, na mwaka 2002 zikawekwa kanuni za nchi nzima. Lakini vijiji vya milima ya Atlas vilibaki na nyumba zao za mawe na udongo. Tarehe 8 Septemba 2023, usiku, tetemeko la nguvu ya 6.8 likaua zaidi ya watu 2,900, wengi wao katika vijiji hivyo, na msikiti wa kale wa Tinmel, wa karne ya 12, ukaanguka sehemu kubwa. Elimu iliyofika mjini isifike kijijini ni amana iliyofikishwa nusu.

Inasimuliwa kwamba Msikiti wa Aqsa ulipobomolewa na tetemeko katika karne ya pili ya Hijra, watu walimwomba Khalifa Mansur aujenge. Akasema hana fedha. Ndipo akaamuru mabamba ya dhahabu na fedha yaliyokuwa yakipamba milango yabanduliwe, yafanywe sarafu, na kwa sarafu hizo msikiti ujengwe. Nafikiri habari hii kila ninapoona twachanga kwa ajili ya zulia, taa za kuning'inia na mnara wa pili, na hakuna aliyemuuliza fundi ametia nondo ngapi katika nguzo, au kama ameweka linta ya kuzunguka kuta zote. Watoto wetu wanakaa chini ya paa lile kila siku, kwa idhini ya wazazi walioamini kuwa sisi tumelikagua.

Fundi akipunguza saruji, na mkaguzi akafumba macho kwa bahasha, na kamati ikanyamaza kwa kuoneana haya, hapana anayeona kitu. Ukuta utapakwa chokaa na utapendeza. Atakayeufunua ni tetemeko. Sasa ningemjibu mwanafunzi wangu vizuri zaidi kuliko nilivyomjibu siku ile. Sura imeanza na ardhi na ikaishia na chembe kwa sababu ardhi ni ya Mola wake, hututetemesha apendavyo Yeye, na tutakayoulizwa sisi ni zile chembe: konzi ya saruji iliyoibiwa, jina la yatima lililoandikwa, jiwe lililoinuliwa juu ya kifua cha jirani.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliofia chini ya kuta, Agadir na Bukoba na kwingineko, na atujaalie kuwa katika wanaofikisha amana. Wabillahi tawfiq.